Mimba changa haionekane, lakini inafanya kazi

Kwenye avenue yetu hapa Lubumbashi, ndoa moja ilikaribia kuvunjika juu ya namba moja na herufi mbili: 6 SA.

Bwana anafanya kazi ya mgodi huko Kolwezi. Anarudi nyumbani mara moja kwa mwezi, siku tatu ao ine, kisha anapanda tena bus. Mwezi wa tatu alifika tarehe 15, akaondoka tarehe 18. Mwezi wa ine, tarehe 14, bibi yake alienda kituo cha afya, wakamupima, wakakuta ana mimba. Infirmie akamwandikia fishi. Kwa furaha, bibi akaipiga foto ile fishi na kumtumia bwana kwa WhatsApp. Jibu lilikuja kisha nusu saa: "Wiki sita? Wiki sita zimepita mimi nilikuwa Kolwezi. Hiyo mimba ni ya nani?"

Na sisi tulihesabu, tukikaa kwenye banki ya mbao mbele ya duka, na tuseme kweli, hesabu ya bwana ilionekana kuwa sawa. Toka siku alipoondoka mpaka siku ya fishi ni karibu wiki ine tu. Familia zikaanza kuitana. Mama mukwe, ambaye alikuwa anaishi na bibi pale nyumbani, akasema alijua tangu zamani: "Huyu mwana alibadilika. Saa mbili ya asubuhi angali analala. Akisikia harufu ya tomson anakimbia inje. Bwana akipiga simu, anamujibu na hasira. Mwanamke wa vile ana mutu mwengine."

Ilibidi infirmie mwenyewe, mama mtu mzima ambaye anaheshimiwa na avenue yote, aitwe pale nyumbani kueleza. SA, ni semaines d'aménorrhée. Yaani wiki zinahesabiwa tangu siku ya kwanza ya mwezi wa mwisho ambao mwanamke aliuona. Wanahesabu vile kwa sababu siku ile mwanamke anaikumbuka, lakini siku mimba ilipoingia hakuna mtu anayeiona. Na mara nyingi mimba inaingia karibu wiki mbili kisha mwezi kuanza. Kwa hiyo, kwenye kila fishi ya CPN kuna wiki mbili za kwanza ambamo mimba haikuwa bado. Huyu bibi, mwezi wake wa mwisho ulianza tarehe 3 ya mwezi wa tatu. Ongeza wiki mbili: unaangukia tarehe 17. Tarehe 17, bwana alikuwa nyumbani, anakula bukari na sombe.

Familia zikarudi kwao. Bwana akaomba samahani kwa simu, kiisha akatuma pesa ya mfuko wa unga, na hiyo kwetu ni namna nzuri ya kuomba samahani.

Lakini sisi tulibaki na mawazo. Hesabu ya wiki iliisha kwa dakika kumi. Maneno ya mama mukwe, yale hayakupata mtu wa kuyajibu. Usingizi, kukimbia harufu, hasira: vyote vilibaki kama makosa ya bibi, makosa ambayo sasa amesamehewa. Tunaona kwamba hapo njo kuna shida kubwa. Katika miezi tisa yote, ile tatu ya kwanza watu wanaijua kidogo sana, na njo ile inaleta maneno mengi nyumbani. Tumbo likitoka, kila mtu anasimama kumpa mama kiti. Wakati tumbo halionekane bado, mwanamke yuleyule anaitwa mvivu, mwenye kiburi, asiyempenda bwana.

Basi tuangalie ule mwili unafanya nini wakati sisi tunasema unalala.

Tangu mimba inashika katika kizazi, homoni zinapanda kwa nguvu. Moja, ile ambayo teste ya mkojo inatafuta, inaongezeka karibu mara mbili kila siku mbili ao tatu, na inafika juu kabisa karibu na wiki ya kumi. Ingine, projesteroni, inalegeza misuli ya ndani ili kizazi kitulie na kisimsukume mtoto. Lakini haichague misuli. Inalegeza tumbo la chakula, na chakula kinakaa zaidi. Inalegeza matumbo, na mama anakaa siku mbili bila kwenda choo. Inaleta usingizi mzito, ule wa mtu aliyelima siku nzima. Mishipa ya damu inapanuka, tensio inashuka kidogo, na mama akisimama haraka anaona giza. Figo zinasafisha damu nyingi kuliko mbele, basi anaamuka usiku mara tatu kwenda kukojoa. Maziwa yanauma hata kwa nguo tu. Na wakati uleule mwili unajenga plasenta, ile kondo ambayo italisha mtoto miezi yote. Mtu anayejenga nyumba usiku na mchana, asubuhi mnamuuliza kwa nini hajateka maji.

Harufu, tuseme neno juu yake. Bibi wengi wanasema mapua yao yanakuwa kama ya mbwa. Tomson kwenye mafuta, makala inayowaka, sabuni ya bwana, hata jasho la bwana. Sisi wenyewe ku redaksio, tulipoanza kuzungumza habari hii, wanaume walinyamaza. Kisha mmoja akauliza kwa sauti ndogo kama ni kweli, kwa sababu bibi yake alimwambia miaka sita iliyopita "usinikaribie, unanuka", na yeye aliweka neno lile ku roho mpaka leo. Miaka sita! Ndugu yetu, haikuwa wewe. Mwanamke huyohuyo, mwezi wa tano wa mimba, angekaa karibu na wewe na asisikie kitu.

Kutapika na kichefuchefu vinapata karibu wanawake saba kati ya kumi. Mara nyingi vinaanza karibu na wiki ya sita na kupunguka kuelekea wiki ya kumi na sita. Wanasema ni mambo ya asubuhi, lakini wengine inawashika saa ya jioni, wengine siku nzima. Kula kidogo kidogo, kuanza na kitu kikavu kabla ya kutoka kitandani, kunywa maji kwa vijiko, tangawizi ku chai: vinasaidia wengi, haviponyeshe wote. Lakini kama mama hawezi kushika hata maji, mkojo ukawa kidogo na mweusi, akakonda, ile haiko tena ya kawaida. Ile inatibiwa hospitali na serumu, na mama mukwe asiseme "sisi wote tulitapika".

Kuna na pemba. Nani hajaona mama wa mimba ku soko anachagua vile vidonge vyeupe, anavunja kimoja na meno kabla ya kulipa? Hatutaki kumucheka. Hamu ya udongo ni kitu cha kweli, na mara nyingi inaenda pamoja na ukosefu wa damu. Shida ni kwamba pemba haileti damu. Inashikana na chuma kinachotoka ndani ya chakula, inazuia mwili kukichukua, na pengine inabeba uchafu wa mahali ilipochimbwa. Mama anakula pemba juu ya kukosa damu, anakosa damu zaidi, anatamani pemba zaidi. Badala ya kumukataza na makelele, mpeleke wampime damu.

Sasa roho. Hapa njo tunaona watu wanakosea zaidi. Mwili ukibadilika, tunasema ni mimba. Roho ikibadilika, tunasema ni tabia. Lakini ni mwili uleule. Homoni zinapanda, usingizi wa usiku unakatika, chakula hakikae, na juu ya hayo yote kuna mawazo: mtoto atakuwa mzima? Tutalipa nyumba na nini? Bwana atasema nini? Mama anaweza kucheka saa ine na kulia saa tano, bila kujua analia nini. Anaweza kukasirika juu ya kijiko. Anaweza kupenda mimba yake na kuiogopa siku ileile.

Na anaweza asifurahi. Hili watu hawataki kulisikia, lakini tulisema tutaandika kweli. Mama mwenye watoto sita, ambaye alifikiri amemaliza kuzaa. Mwanafunzi wa sekondari ambaye hana mtu wa kumwambia. Bibi mpya ambaye alitamani mtoto miaka miwili, na leo mtoto amekuja anajisikia tu mchovu na tupu. Kutofurahi mwezi wa kwanza haiko dhambi na haiko dalili kwamba hatampenda mtoto. Lakini huzuni ikikaa zaidi ya wiki mbili, kila siku, mama hataki kula wala kuongea, ao anasema afazali afe, huyo ni mgonjwa, anahitaji muganga kama vile mtu wa malaria anavyomuhitaji. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika inchi zinazoendelea, karibu wanawake 16 kati ya 100 wanapata ugonjwa wa roho wakati wa mimba, zaidi sana huzuni kubwa. Kwenye foleni ya CPN ya wamama ishirini, hesabu mwenyewe.

Tumefika kwenye neno gumu: kuficha.

Karibu kila mahali kwetu, mimba changa haisemwe. Bibi anajifunga kitenge kikubwa, anaendelea kubeba beseni, anangoja tumbo lijiseme lenyewe. Anaogopa macho ya watu, anaogopa balozi, ao anaona haya tu. Vijana wa leo wanacheka desturi hii. Sisi hatuicheke. Wakubwa waliona kwa macho yao kwamba mimba nyingi zinatoka katika miezi ya kwanza, na hawakutaka binti atangaze leo, kisha aulizwe na avenue nzima kesho kutwa "mtoto ako wapi?" Hiyo ilikuwa kumlinda. Na kweli, katika mimba ambazo mama ameisha kuzijua, moja ao mbili kati ya kumi zinatoka, nyingi zikiwa mbele ya mwezi wa tatu kwisha.

Lakini sababu yake? Karibu nusu ya zile zinazotoka mapema ni kwa sababu mbegu ilikosea tangu siku ya kwanza wakati wa kugawanyika, kromozomu zikazidi ao zikapunguka, na mtoto hakuweza kuendelea. Hakuna beseni la maji lililofanya vile. Hakuna ugomvi, hakuna jicho la mama mukwe, hakuna mzee wa jirani aliyepita mbele ya kiwanja. Tunasema hivi kwa nguvu, kwa sababu tunajua ni wamama wazee wangapi wamefukuzwa mu nyumba na jina la mulozi, juu ya mimba iliyotoka. Na bibi mwenyewe, kama mimba ilifichwa, na kilio kinafichwa. Usiku anapoteza damu, asubuhi anatumwa ku robinet kama siku zote. Hakuna anayemwambia pole, kwa sababu hakuna anayejua.

Kuficha kwa avenue, basi, kila mtu afanye kama roho yake inamwambia. Sisi tunakataa kuficha kwa watu wawili: bwana na infirmie.

Juu ya infirmie, sababu ni nyingi, lakini moja inatosha kutuamsha. Miezi ya kwanza ya mimba inafanana na palu. Mwili umechoka, kichwa kinauma, mama anatapika, anasikia joto kidogo. Anafanya nini? Anaenda ku farmasi ya kona, anasema "nina palu", anapewa dawa za palu, na pengine antibiotiki juu yake. Hakuna aliyemuuliza mwezi wake. Na kuna dawa, kama doksisiklini na zingine za ukoo wa tetrasiklini, ambazo mwanamke wa mimba hapashwi kunywa. Kwa upande mwingine, palu ya kweli inamuumiza mama wa mimba kuliko mtu mwingine, na kuingoja ni hatari. Kwa hiyo mwenye farmasi akiona mwanamke amesimama mbele yake, aulize swali moja kabla ya kufungua boite: mwezi wa mwisho uliuona lini? Na akiwa na joto kali, apimwe damu siku ileile. Dawa ya palu kwa miezi mitatu ya kwanza ipo; tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limekubali artemether-lumefantrine hata kwa mimba changa. Fansidar ya kujikinga yenyewe inangoja mwezi wa ine. Mambo haya infirmie anayajua. Jirani hayajui, hata kama anasema na sauti kubwa.

Tena kuna hesabu ingine ndani ya ile fishi ya 6 SA. Mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto unajifunga karibu na siku ya 28 tangu mimba kuingia. Fanya hesabu ya yule bibi wetu: siku aliyopiga foto fishi yake, kazi ile ilikuwa inaisha. Vitamini inayosaidia pale ni asidi ya foliki, ambayo inapashwa kuwa mwilini hata mbele ya mimba. Iko mu matembele, mu lengalenga, mu maharagi, lakini kidonge kinaleta kipimo cha kutosha. Mama anayekuja CPN mara ya kwanza kwa mwezi wa sita anapewa kidonge kilekile, na ni vizuri kwa damu yake, lakini kwa uti wa mgongo treni imeondoka zamani.

Na wengi wanakuja mwezi wa tano, wa sita. Uchunguzi mkubwa wa afya wa inchi yetu wa 2013-2014 ulionyesha kwamba karibu wanawake tisa kati ya kumi wanafika CPN, lakini chini ya mmoja kati ya watano anafika mbele ya mwezi wa ine. Hatukatae kwenda, tunachelewa. Tangu 2016 mashauri ni kuonana na watu wa afya mara munane, ya kwanza kabla ya wiki ya 12 kwisha. Serikali ilianzisha 2023 mpango wa materinite ya bure, ikianzia Kinshasa, na ni jambo jema. Lakini mazungumzo yote tuliyosikia yalibaki juu ya siku ya kuzaa. Hata sheria ya kazi inafikiri vile: inampa mama wiki 14 za mapumziko, zote karibu na kuzaa. Kwa ile miezi anayotapika mu bus kila asubuhi, anategemea tu roho nzuri ya shefu. Na mama anayeuza ku soko hana shefu wala sheria.

Kuna dalili ambazo hazingoje CPN. Damu inayotoka, hata kama ni kidogo. Maumivu makali upande mmoja wa tumbo chini, pamoja na kizunguzungu ao kuzimia: pengine mimba imeshika inje ya kizazi, mu mrija, na mrija ukipasuka mama anaweza kufa siku ileile. Bwana asitafute pesa kwanza kwa ndugu watatu. Anatafuta moto, taxi, chochote chenye magurudumu.

Juu ya bwana wenyewe hatutaki kuandika mengi, wanachoka haraka wakisoma. Asikie harufu gani inamsumbua bibi, na aitoe ile harufu. Achote maji, hata kama jirani anacheka. Jirani atachoka kucheka. Akijibiwa vibaya kwa simu, apige tena jioni. Na akipata foto ya fishi, asihesabu peke yake usiku mu chumba cha mgodi na marafiki wanaomwambia maneno.

Yule wa avenue yetu alirudi mwezi wa tano. Bibi alikuwa na tarehe ya CPN siku ya Jumatano, na bwana akapanda naye mutaka. Alifika mpaka kwenye mlango, akaona banki imejaa wanawake tu, akabaki inje na simu yake. Infirmie akatoka, akamwita kwa jina: "Baba, ingia. Na wewe leo utahesabu pamoja na sisi."